Dawa Mbili, Ulinzi Tofauti: Rifampisini, Siprofloksasini na Vinasaba vya Bakteria

Miongoni mwa antibiotiki zinazotolewa kila siku katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara, lipo kundi ambalo haliubomoi ukuta wa bakteria kama ifanyavyo penisilini, wala halizuii utengenezaji wa protini kama ifanyavyo doksisiklini, bali hupenya hadi ndani ya seli na kuvuruga DNA na RNA, yaani vinasaba vyenyewe na nakala zinazotolewa kutoka kwenye vinasaba hivyo. Katika kundi hilo imo rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu na ukoma. Imo pia siprofloksasini, ambayo watu wengi huiita sipro, pamoja na ndugu zake levofloksasini na moksifloksasini. Vilevile imo metronidazoli, inayofahamika zaidi kwa jina la kibiashara la Flagyl.

Rifampisini na siprofloksasini zinafanana kwa jambo moja la msingi, kwamba kila moja hupata nguvu zake kwa kushika sehemu ndogo sana ya kimeng'enya ambacho bakteria hawezi kuishi bila kuwa nacho, na kwa sababu hiyo badiliko dogo la kinasaba katika sehemu hiyo linaweza kuidhoofisha dawa au kuifanya isifae kabisa. Hata hivyo dawa hizi zimepata malezi tofauti: ya kwanza imelindwa kwa zaidi ya miaka arobaini na mpango wa taifa, vipimo na usimamizi wa karibu, ilhali ya pili imeachwa inunuliwe kwa vidonge vichache dukani, mara nyingi bila cheti cha daktari. Tofauti ya hatima zao imetokana na kemia kwa kiasi, na kwa kiasi kikubwa zaidi imetokana na namna zilivyotunzwa.

Kimeng'enya kinachotoa nakala

DNA ni uzi mrefu wenye maelekezo yote ya seli, yaliyoandikwa kwa kemikali nne ambazo wataalamu huziwakilisha kwa herufi A, T, G na C. Bakteria wa kifua kikuu ana herufi hizo zipatazo milioni 4.4. Seli haitumii DNA moja kwa moja. Kila inapohitaji protini fulani, hutoa kwanza nakala fupi ya sehemu inayohusika, na nakala hiyo ndiyo RNA. Kazi ya kuitoa hufanywa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA, ambacho husogea juu ya DNA kikisoma herufi moja baada ya nyingine huku kikiunganisha mnyororo wa RNA unaotokea upande mmoja.

Rifampisini hujipachika katika kishimo kidogo kilichomo kwenye sehemu ya kimeng'enya hicho iitwayo beta, kando kabisa ya njia ambayo mnyororo mpya hupitia. Kimeng'enya huweza kuunganisha herufi mbili au tatu za mwanzo, kisha mnyororo hugonga dawa na kushindwa kuendelea. Bakteria asiyeweza kutoa RNA hawezi kutengeneza protini, na asiyetengeneza protini hufa. Binadamu naye ana polimerasi ya RNA, lakini ya kwake ina umbo tofauti ambalo rifampisini hailishiki kwa vipimo vinavyotumika katika tiba, na hiyo ndiyo sababu dawa humuua bakteria bila kumuua mgonjwa.

Asili ya dawa hii ni udongo. Mwaka 1957 watafiti wa kampuni ya Lepetit ya Milan, Italia, walichunguza udongo uliochukuliwa pwani ya kusini mwa Ufaransa na kukuta bakteria anayetengeneza kemikali zenye uwezo wa kuua bakteria wengine. Kemikali hizo za mwanzo hazikufaa kumezwa, na ilihitajika kazi ya miaka kadhaa ya kuzirekebisha maabara kabla ya kupatikana rifampisini, ambayo ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1968.

Mchango wa wagonjwa wa Afrika Mashariki

Wakati huo kifua kikuu kilitibiwa kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Mgonjwa alichomwa sindano za streptomaisini kwa wiki kadhaa, kisha akaendelea na vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni kwa miezi mingi iliyobaki. Dawa hizo ziliponya pale zilipotumika hadi mwisho, lakini mtu aliyeacha kukohoa baada ya miezi miwili, akarudia nguvu zake za kulima au kuvua, hakuona sababu ya kuendelea kumeza vidonge kwa mwaka mzima, na wengi waliacha njiani.

Mwaka 1970 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, likishirikiana na watafiti na hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, lilianza jaribio la kupima kama muda huo ungeweza kufupishwa hadi miezi sita. Wagonjwa wote waliokuwamo katika mipango ya miezi sita walipata streptomaisini na isoniazidi; kundi moja liliongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine thiasetazoni, na jingine halikuongezewa chochote. Matokeo, yaliyoanza kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1972, yalionyesha kwamba katika kundi la rifampisini ugonjwa uliwarudia wagonjwa wapatao 3 tu kwa kila 100, ilhali katika kundi lisiloongezewa dawa yoyote uliwarudia zaidi ya robo. Tiba fupi ya kifua kikuu inayotumika leo duniani ilipata ushahidi wake wa awali katika wodi za Afrika Mashariki.

Sababu ya mafanikio hayo imo katika namna rifampisini inavyofanya kazi. Denny Mitchison, mtaalamu wa bakteria aliyeongoza upande wa maabara wa majaribio hayo, alieleza kwamba ndani ya pafu hukaa bakteria wengi wanaozaliana kwa kasi pamoja na wachache waliojituliza, ambao huamka kwa muda mfupi kisha wakatulia tena. Isoniazidi huwaua haraka wale wanaozaliana, lakini waliotulia huikwepa, na ndio wanaorudisha ugonjwa baada ya tiba. Bakteria anapoamka, miongoni mwa kazi zake za kwanza ni kutoa RNA, kwa hiyo rifampisini humkamata papo hapo, hata kama kuamka kwake ni kwa muda mfupi tu.

Herufi moja na hesabu ya usugu

Nguvu hiyo ina udhaifu wake. Kinasaba kinachobeba maelekezo ya sehemu ya beta huitwa rpoB, na takribani asilimia 95 ya bakteria wa kifua kikuu walio sugu kwa rifampisini wamebadilika ndani ya kipande cha kinasaba hicho chenye herufi 81 pekee. Badiliko linaloonekana mara nyingi zaidi ni la herufi moja: C inakuwa T, hivyo asidi amino iitwayo serini inaiachia nafasi yake nyingine iitwayo lusini, umbo la kile kishimo linabadilika, na dawa haina tena pa kushika. Kimeng'enya chenyewe kinaendelea na kazi yake kama kawaida.

Mabadiliko ya namna hiyo hutokea yenyewe wakati bakteria anapojigawa, hata kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Kwa rifampisini hutokea kwa takribani bakteria 1 kati ya milioni 100, na kwa isoniazidi 1 kati ya milioni moja. Pango moja katika pafu la mgonjwa linaweza kuwa na bakteria kati ya milioni 100 na bilioni moja, maana yake ni kwamba bakteria mmoja au zaidi walio sugu kwa rifampisini huenda tayari wamo humo. Mgonjwa akipewa rifampisini peke yake, wengine wote watakufa na hao wachache watabaki, watazaliana na kulijaza pafu upya. Akipewa rifampisini na isoniazidi kwa pamoja, bakteria aliye sugu kwa zote mbili anatarajiwa kupatikana 1 kati ya trilioni 100, idadi ambayo haipo katika mwili wa mtu yeyote. Hiyo ndiyo sababu rifampisini haitumiki peke yake kutibu kifua kikuu, na ndiyo sababu dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, zimeunganishwa katika kidonge kimoja, ili mgonjwa asiweze kuchagua moja na kuziacha nyingine.

Kipande kile cha herufi 81 kimewasaidia pia wapimaji. Mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutafuta katika makohozi vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu na kukagua herufi hizo, kisha hutoa jibu katika muda wa saa mbili hivi, likionyesha kama ugonjwa upo na kama rifampisini itafanya kazi.

Ulinzi uliowekwa Tanzania

Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Tiba fupi ilipoingizwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, rifampisini ilikuwa ghali, na wataalamu waliogopa kwamba ingeharibiwa na matumizi holela. Uamuzi waliofikia ulikuwa kuitoa kwa miezi miwili ya kwanza tu, mgonjwa akiimeza mbele ya mhudumu wa afya, kisha kumalizia tiba kwa isoniazidi na thiasetazoni kwa miezi sita. Ilikuwa tiba ndefu kuliko ile ya majaribio, lakini ilihakikisha kwamba hakuna mgonjwa anayepeleka rifampisini nyumbani na kuitumia atakavyo. Uzoefu huo wa Tanzania ulikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati wa tiba ya uangalizi ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza katika miaka ya 1990. Baadaye, usimamizi ulipoimarika, rifampisini iliruhusiwa kutumika kwa miezi yote sita.

Hadi leo dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure kupitia vituo vilivyo chini ya mpango huo, na kila mgonjwa huandikishwa, hupimwa uzito ili apewe idadi sahihi ya vidonge, na hurudiwa kupimwa makohozi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2006 na 2007, robo karne baada ya tiba fupi kuanza, ulikuta kifua kikuu sugu kwa rifampisini na isoniazidi kwa pamoja katika asilimia 1.1 tu ya wagonjwa wapya.

Ulinzi huo unahusu pia namna dawa inavyokutana na chakula na dawa nyingine. Rifampisini hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Huupaka mkojo, jasho na machozi rangi nyekundu au ya machungwa, jambo lisilo na madhara lakini linalowatisha wagonjwa ambao hawakuelezwa mapema. La uzito zaidi ni kwamba dawa hii huliamsha ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi vinaweza kushindwa kuzuia mimba, na mgonjwa anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU huhitaji kuimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Anayeanza dawa za kifua kikuu anapaswa kumtajia mhudumu kila dawa nyingine anayoitumia.

DNA iliyosokotwa na dawa inayoikata

Siprofloksasini hufanya kazi yake hatua moja nyuma, kwenye DNA yenyewe. DNA ya bakteria aina ya E. koli, anayeishi utumboni na kusababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo, ikinyooshwa ina urefu wa takribani milimita 1.5, ilhali seli yenyewe ina urefu wa takribani milimita 0.002. Ili itoshe humo, uzi huo husokotwa na kujiviringisha wenyewe. Mvuvi wa ziwani anajua kwamba akizitenganisha nyuzi za kamba iliyosokotwa kwa kuzivuta kutoka katikati, msokoto hukimbilia mbele na kukaza hadi kamba ikajifunga vifundo. DNA nayo, inapofunguliwa ili inakiliwe, hupata mkazo wa namna hiyo hiyo. Bakteria huuondoa kwa kimeng'enya kiitwacho jairasi, ambacho hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha sehemu nyingine ya uzi katika mwanya huo, kisha huunganisha ncha zilizokatwa. Kimeng'enya kingine cha jamaa yake, topoisomerasi ya nne, huzitenganisha DNA mbili zilizonasana baada ya kunakiliwa.

Siprofloksasini hujipenyeza mahali kimeng'enya kilipokata, kabla ncha hazijaunganishwa, na kukizuia kumaliza kazi. Matokeo yake ni kwamba kimeng'enya kilichokuwa cha kuihudumia DNA kinabaki kimeing'ang'ania huku kimeiacha imekatika; mashine za kunakili zinapofika hapo hukwama, mikatiko huongezeka, na bakteria hufa. Kadiri kiwango cha dawa kinavyozidi kile kinachohitajika kumzuia bakteria, ndivyo mauaji yanavyokuwa ya haraka, na kwa sababu hiyo nusu dozi ni mbaya zaidi kuliko inavyodhaniwa: haiui vya kutosha, na wakati huo huo inawapa nafasi wale waliobadilika kidogo.

Siprofloksasini na ndugu zake zina uhusiano na malaria. Mwaka 1962 George Lesher na wenzake, wa maabara ya Sterling-Winthrop nchini Marekani, walitangaza asidi ya nalidiksi, iliyotokana na masalia ya utengenezaji wa klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliitegemea kutibu malaria hadi mwaka 2001. Asidi hiyo ilifaa kwa maambukizi ya mkojo tu, lakini wakemia walipoiongezea atomu ya florini na marekebisho mengine, walipata dawa zenye nguvu kubwa zaidi, na siprofloksasini ya kampuni ya Bayer ikaingia sokoni mwaka 1987.

Mtumiaji wake anapaswa kujua jambo ambalo katika mkoa wa wafugaji kama Mara lina maana ya pekee: kalisiamu iliyomo kwenye maziwa hushikamana na siprofloksasini tumboni na kuizuia isifyonzwe, na vivyo hivyo hufanya vidonge vya kutuliza kiungulia vyenye magnesiamu au alumini, vidonge vya madini ya chuma, na zinki. Kidonge kilichotelemshwa kwa maziwa mgando ni dozi iliyopunguzwa bila mgonjwa kujua. Mtoto anayeharisha damu anaweza kuandikiwa siprofloksasini pamoja na zinki, na hapo mzazi anapaswa kuelekezwa atoe siprofloksasini saa mbili kabla ya zinki, ili zinki isiizuie dawa kufyonzwa. Siprofloksasini na ndugu zake zinaweza pia kuumiza kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino kwa wazee na watumiaji wa steroidi, kushusha sukari kwa wagonjwa wa kisukari, na kuvuruga mapigo ya moyo.

Nafasi ya metronidazoli

Metronidazoli nayo huiharibu DNA, ila kwa njia ambayo haitegemei kushika kimeng'enya. Inaingia kwenye seli ikiwa haina makali, na huamshwa na mazingira yasiyo na oksijeni yaliyomo ndani ya bakteria na vimelea fulani, kama amiba na giardia. Ikishaamshwa hugeuka kemikali inayoivunjavunja DNA. Seli za binadamu zina oksijeni, hivyo hubaki salama. Kwa kuwa inahitaji mazingira hayo, Flagyl haifanyi chochote kwa kikohozi wala kwa mafua, ingawa wapo wanaoimeza kwa kila linalouma tumboni na hata pasipouma.

Mahali ambapo ulinzi unakosekana

Watu wa Murangi na vijiji vingine vya kandokando ya Ziwa Victoria huishi katika mazingira yanayokaribisha matumizi mabaya ya siprofloksasini, kwa sababu dalili zinazofanana zina vyanzo tofauti. Kuharisha damu kunaweza kuwa ni kuhara kwa bakteria, lakini kunaweza pia kuwa kichocho cha tumbo, kinachoambukizwa katika maji ya ziwa na kusababishwa na mnyoo ambao dawa yake ni prazikwanteli. Homa ya siku kadhaa inaweza kuwa malaria, lakini kipimo cha Widal, ambacho mara nyingi huonyesha taifodi mahali isipokuwepo, humfanya mtu atoke na dozi ya sipro. Maumivu wakati wa kukojoa huitwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kabla mkojo haujaoteshwa maabara. Kila dozi isiyostahili huwaua bakteria dhaifu wa utumboni na kuwaacha wale ambao herufi moja ya kinasaba cha jairasi imebadilika. Herufi ya pili na ya tatu zikibadilika, dawa haiwagusi tena. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1998 imejulikana kwamba bakteria wa utumbo wanaweza kupeana vinasaba vinavyoikinga jairasi, jambo ambalo bakteria wa kifua kikuu hafanyi kwa usugu wa rifampisini.

Hatari kubwa zaidi ipo mahali ambapo rifampisini na jamii ya siprofloksasini zinakutana. Katika machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, kama yaliyopo Buhemba wilayani Butiama, vumbi la mawe yenye silika huyachosha mapafu na kumweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mchimbaji anayekohoa akipewa levofloksasini kama dawa ya nimonia, anaweza kupata nafuu, kwa kuwa dawa hiyo huwaua pia baadhi ya bakteria wa kifua kikuu. Makohozi yake yanaweza kukosa bakteria kwa muda, ugunduzi ukachelewa, na waliobaki wakawa wameanza kuizoea dawa. Bakteria wa kifua kikuu hana topoisomerasi ya nne, ana jairasi peke yake, kwa hiyo badiliko moja katika kimeng'enya hicho lina athari kubwa zaidi kwake.

Levofloksasini na moksifloksasini ndizo dawa ambazo mgonjwa wa kifua kikuu kilicho sugu kwa rifampisini huzitegemea. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 na ambako tiba ya kifua kikuu sugu nchini ilianzia mwaka 2009, ilitumia kwa miaka mingi mipango mirefu iliyojengwa juu ya dawa za kundi hili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mpango wa miezi sita wenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, na mgonjwa ambaye bakteria wake wamekuwa sugu kwa moksifloksasini hubakiwa na dawa tatu badala ya nne.

Hatua zinazohitajika zinafahamika, kwani ndizo zilizoilinda rifampisini: kupima kabla ya kutibu, kuandikisha anayepewa, kutoa dozi kulingana na mwili na ugonjwa, na kuhakikisha dawa haiuzwi kama bidhaa ya kawaida. Kwa siprofloksasini hilo lingemaanisha cheti kabla ya kuuza, kuotesha mkojo pale maambukizi yanaporudi, kumpima makohozi kila anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kumpa dawa yoyote ya jamii ya levofloksasini, na kutoa prazikwanteli pale kichocho kinapothibitishwa. Tanzania iliyaweza hayo kwa rifampisini wakati hospitali zake zilikuwa chache na dawa ikiwa ghali. Kwa siprofloksasini, ambayo ni rahisi na ipo kila mahali, urahisi huo ndio unaopaswa kuwa sababu ya kuichunga, kwa sababu atakayezihitaji zaidi dawa za jamii yake ni yule ambaye rifampisini imekwisha kushindwa kumponya.